Siku Nilipomwaibisha Mwenyekiti

Nakumbuka kiangazi kimoja, mwanangu, kijijini kwetu nyuma ya mji wa Mhunze, nilipojiona shujaa. Nilikuwa nimeolewa mwaka uleule, na mdomo wangu haukuwa na breki. Nilisimama mkutanoni nikasema ng'ombe wa mwenyekiti wanaingizwa kwenye ngitili, yale malisho tuliyoyafunga tangu masika ili yawafae ndama wakati wa ukame. Ilikuwa kweli tupu. Lakini wakwe zake walikuwa wamekaa palepale, na watu walicheka. Kwa hasira akatangaza kwamba keshokutwa ngitili itafunguliwa kwa wote.

Ng'ombe wa kijiji kizima wangeyamaliza majani yale kwa wiki moja. Mama mkwe wangu, mjane mwenye ng'ombe watatu tu, alinigeuzia mgongo siku ile.

Maalim Shabani, fundi cherehani aliyetusomesha Kurani, aliniuliza kama nilianza kwa kumwendea mwenyekiti mwenyewe. Sikuwa nimemwendea. Asubuhi akanichukua hadi nyumbani kwa mwenyekiti. Tulisubiri nje mpaka wageni wake wakaondoka, akaniambia niombe radhi kwa kumwaibisha mtu mbele ya wakweze. Nikaomba. Kisha akamshika mwenyekiti mkono, akasema kwa sauti ambayo hata mkewe jikoni hakuisikia:

"Binti huyu amekosa adabu, lakini hakusema uongo. Ndama wa wajane watakufa, na Mungu atakuuliza wewe. Nitakuja hapa kila siku mpaka uwatoe ng'ombe wako."

Mzee mwembamba vile, hakumtukana wala hakumwogopa. Mwenyekiti akachukua fimbo, akaenda kuwaswaga ng'ombe wake mwenyewe. Jioni akatangaza kuwa ngitili inabaki imefungwa. Watu wakamsifu kwa hekima yake, na Maalim akasema, "Mungu amzidishie." Hakutaja neno la asubuhi. Mpaka leo sijamaliza kustaajabu.

Mwanangu, kiongozi akikosea usinyamaze. Lakini anzia mlangoni kwake, kwa upole, maana maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Musa alitumwa kwa Firauni akaambiwa aseme naye kwa ulaini. Nawe humshindi Musa, wala mkubwa wako hajamfikia Firauni kwa uovu. Akikataa, rudi, na urudi na wazee. Akisikia, sifa mwachie yeye.

Jina la mwenyekiti yule usiniulize. Mungu akupe ulimi usioogopa kweli, na kifua cha kuhifadhi aibu za watu. Amina.