Kizibo Kilichopinduka

Harufu ya vizibo vya soda vilivyokaa juani, utamu uliochacha na kutu kidogo, ndiyo inayonirudisha Masuguru, likizo ile Zuhura, binti wa mjomba, alipokuja kwetu kutoka Kang'ata. Tulichora drafti kwa mkaa juu ya boksi la sabuni. Vizibo vyake vilionyesha maandishi, vyangu vilionyesha tumbo, upande wa ndani. Hivyo tu ndivyo tulivyojua kipi cha nani. Kila mchezo alifungua kwa kete ile ile ya pembeni, taratibu, huku akinichokoza kwa utani wa mabinamu: "Mtu wa mjini, mbona unatetemeka? Nimesogeza kizibo, sijaleta simba." Nilicheka, lakini niseme haki: likizo nzima sikuwahi kumfunga.

Tukakubaliana mchezo wa mwisho ndio uamue nani abaki na boksi na vizibo vyote. Niliutaka ushindi ule kuliko nguo ya Idi. Asubuhi ya safari alifungua pembeni kama kawaida yake. Sijui kama nilicheza vizuri au yeye alikuwa na haraka. Tukafika yeye kete tatu, mimi mbili. Mama akapita na begi, pindo la kanga likalikokota boksi, kizibo kimoja kikapinduka, tumbo juu. "Zuhura, basi la Handeni haliwasubiri wacheza drafti!" Zuhura akakitazama kile kizibo. "Hiki cha nani, binamu?" Kilikuwa chake. Nilikiona kikipinduka. Nikasema, "Changu." Hakubisha. Nikamfunga, naye akanikabidhi vizibo vyote kwa mikono miwili, kama anayempa mkubwa wake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu naitembea mpaka leo. Mwaka huu nilikwenda Kang'ata harusini, Zuhura akawaita wanawe: "Msalimieni mama yenu mdogo. Ndiye pekee aliyewahi kunifunga drafti!" Wakaniamkia, nikaitikia marahaba kama mshindi wa kweli. Siku hizi nacheza drafti ya kwenye simu, nafungua kwa kete ya pembeni kama yeye. Humo kete hazipinduki, nashinda kwa haki, na hakuna anayenitania. Ningeutoa ushindi wote huo nirudi kwenye boksi lile asubuhi ile, niseme, "Chako, binamu," kisha anifunge.