Mshenga wa Uyole na Ostwald Wake

Mwalimu Asukile wa Uyole alifundisha kemia miaka ishirini na saba, na kama ulisoma kwake, Ostwald unamjua hata kama jina la mkuu wa shule umelisahau. Picha ya Mjerumani huyo, ndevu zimejaa, ilitundikwa maabara. Wazazi Wamoraviani wakidhani ni mmisionari wa zamani, walivua kofia. Mwalimu hakuwasahihisha. Mtu aliyesaidia kuiasisi kemia ya kifizikia, akapewa Nobel mwaka 1909 kwa kazi ya vichocheo, aliona anastahili.

"Kichocheo," alizoea kusema, "kinaharakisha mambo, chenyewe kinabaki kilivyokuwa."

Ndivyo alivyojieleza na yeye. Maana Jumamosi Mwalimu alikuwa mshenga, tena mshenga haswa: ndoa kumi na moja, zote zimesimama. Mwenyewe kapera wa miaka hamsini na mbili. Ukimuuliza, anakutupia Ostwald wake, basi watu wakachoka kuuliza.

Ndoa ya kumi na mbili ilimpeleka Iringa, kumposea mwalimu mwenzake, Samwel. Barua ya posa ilipokelewa na shangazi wa binti, Apolonia, mjane aliyefanya kazi maabara ya hospitali. Safari mbili zingetosha. Mwalimu akaenda tano. Mara kasahau kuuliza jambo, mara jibu halikueleweka vizuri, mpaka Samwel akaingiwa na wasiwasi. Jamani, mtu mzima kukiri kwamba amependa ni kazi.

Safari ya tano mahari ikapokelewa, tarehe ikapangwa. Kilichobaki ni kuaga, na akishaaga hana tena sababu ya kukanyaga kwa Apolonia. Roho ilimuuma. Akasimama mlangoni, haingii, hatoki.

"Mwalimu, mbona hujaoa?" Apolonia akamuuliza.

"Mimi ni kichocheo, dada. Kama Ostwald alivyo..."

"Ostwald alioa, akazaa watoto watano. Kemia nami nimesoma. Halafu kichocheo hakibadiliki. Wewe kila safari unakuja na shati jipya."

Mwalimu akalitazama shati.

"Kama una neno," Apolonia akaendelea, "tuma mshenga."

"Mshenga Uyole ni mimi."

Apolonia akamsogezea kiti. "Basi ameshafika. Kaa, nieleze huyo mtu wako yukoje."

Mwalimu, aliyewasifia vijana kumi na wawili bila kumeza mate, akakaa. Akaanza kurekebisha kola ya shati jipya.

"Mbishi," akasema mwishowe. "Lakini amechoka kula peke yake."