Mjukuu wangu alitaka kuacha chuo kwa maswali ya "utafanya kazi wapi", mtani akaingilia kati msibani

Wakuu, na wajukuu zangu wote humu, marahaba. Najua mngeniamkia, nimewahi tu.

Mimi ni bibi, nipo Cheyo hapa Tabora. Shule niliishia la nne na naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Ila majina sisahau. Haya ni ya kweli, na waliokuwepo nawataja. Kama kuna mmoja wao humu anaona nimetia chumvi, aseme.

Nina mjukuu anaitwa Kalunde. Anasoma digrii ya akiolojia, amebakiza mwaka mmoja. Kwa tusiojua, hao ni watu wanaochimba ardhini kutafuta vitu vya watu wa zamani. Vigae, shanga, mambo hayo.

Shida haikuwa kozi. Shida ni maswali.

Akija likizo, hata begi hajatua: "Hiyo ukimaliza unakuwa nani?" Mama Kulwa jirani anauliza. Hamisi fundi cherehani anauliza. Mzee wetu wa kanisa, Yohana, alimuuliza tumetoka ibadani, watu wamesimama: "Sasa binti, serikali inaajiri waokota vigae?"

Watu wakacheka. Kalunde naye akacheka, lakini nilimwona usoni.

Na maswali yenyewe hayaishi. Akisema atafundisha, wanauliza kwa nini hakusoma ualimu. Akisema makumbusho, wanauliza kwani yapo mangapi.

Likizo hii akawa anashinda ndani. Siku moja tunachambua maharage akaniambia, "Bibi, mimi chuo sirudi. Nimechoka kujitetea."

Mwaka mmoja umebaki, wakuu. Mmoja.

Kabla hatujalimaliza hilo tukapata msiba Bukene. Shemeji yangu Petro, mdogo wa marehemu mume wangu. Kalunde akagoma kwenda. "Kule ndio ukoo mzima, Bibi. Watanimaliza." Nikamwambia, huyo babu yako amekubeba mgongoni, utakwenda. Akaenda.

Sasa Bukene yupo mtani wetu, Mama Zena, Mzaramo. Aliolewa huko na mtu wa reli, akazeekea huko huko. Vijana wasiojua: sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanashuka na mizigo hadi pwani. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Anamwigiza marehemu, anawatania wafiwa, anatoza faini. Ukikasirika, wewe ndiye mjinga.

Nilipofika tu nikamvuta pembeni. Mtani, mjukuu wangu anateswa na maswali, nisaidie.

Akasema, "Nyie Wanyamwezi hata kulinda mtoto mnaagizia pwani? Haya, niachie."

Siku ya pili baada ya kuzika, watu tuko uani tunakula, Mama Zena akatoka ndani amevaa koti la Petro na kofia yake, anakohoa kile kikohozi cha Petro. Watoto wa marehemu wenyewe walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Akakaa kwenye kiti cha marehemu. "Mimi Petro nimerudi mara moja, kuna neno nilisahau. Atakayemuuliza Kalunde habari za kazi, akachote maji ya msiba. Kisimani, kwa ndoo, mwenyewe."

Haukupita muda. Deogratias, binamu yake Petro, karani mstaafu anayejiona msemaji wa ukoo, akakohoa kidogo: "Lakini kwa nia njema tu, Kalunde, soko la ajira la hiyo fani..."

Hakumaliza. Ndoo ilishatua mapajani kwake.

"Wewe Deo, hata nikifa hunisikii?"

Deo akainuka. Angefanyaje? Mtani huyo. Kalunde akaona vibaya mzee abebe maji peke yake, akachukua ndoo ya pili akamfuata.

Walikawia mpaka nikataka kutuma mtu. Kuja kurudi, Deo ana kipande cheusi mkononi, kizito, kama jiwe lililoyeyuka. Akaanza kutuhutubia, utadhani yeye ndiye aliyekwenda chuo: haya ni mabaki ya chuma walichoyeyusha babu zetu, yamejaa njia ya kisimani na sisi tunayakanyaga tu.

Kila akikosea Kalunde anamrekebisha. "Hapana babu, moto walipuliza kwa mivukuto." Sauti ile sikuwa nimeisikia likizo nzima.

Deo aliuliza maswali mengi sana jioni ile. Hakuna aliyemtoza, maana la kazi hakuligusa tena.

Njiani kurudi Tabora, Kalunde akasema, "Bibi, chuo narudi. Ila kazi kwa kweli sijui nitapata wapi."

Nikamwambia hata mimi sijui. Na wanaokuuliza hawajui. Basi sema hujui, uendelee na shughuli zako.

Siku ya kuondoka, mke wa mchungaji, Mama Neema, akamuuliza lile lile. Kalunde akamjibu kwa adabu, "Bado sijui, mama." Mama Neema akakosa swali la pili. Ikabidi amtakie safari njema.

Nilichojifunza mimi: mtoto ukimuuliza kila siku atakuwa nani, hapati nafasi ya kukueleza anafanya nini sasa hivi. Anza na hilo.

Mlio vyuoni, niambieni mnasoma nini. Nitasoma yote, polepole. Na wazazi wenzangu, nanyi semeni mnachokiogopa, maana najua hamuulizi kwa ubaya.