Mkanda wa Kupewa

Niliondoka Moshi kwa hasira, siwafichi. Klabuni kwetu mwanamke anayecheza judo ni mimi peke yangu. Nilipofunga mkanda wa kahawia, hatua moja kabla ya mweusi, Eliudi, kijana wa rika langu mwenye mkanda wa kijani, ulio chini ya wangu, alisema mbele ya watu, "Huo wa kupewa. Ameshawahi kumwangusha mwanamke mwenzake?" Sikuwahi. Basi niliposikia kuna mashindano ya wanawake Dar, nikakata tiketi. Nilitaka kujua kama mkanda ni wangu kweli.

Jioni shangazi yangu, mwenye duka la vitenge Kariakoo, alinipokea kwa mtori. "Mwembamba hivyo, unaenda kupambana na nani? Kula!"

Asubuhi tulipenya kwa miguu kati ya marobota na mikokoteni hadi ukumbini, upande wa Jangwani. Mpinzani wangu wa kwanza alikuwa Mama Zuwena, muuza vitunguu sokoni, mkanda wa njano wa wanaoanza, umri wa mama yangu. Nikafanya nilivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

Ukumbi mzima ukacheka. "Mwanangu," akasema, "humu ndani umri ni mkanda. Shikamoo wewe!"

Nimwitikie marahaba mama mzima? Thubutu! Nikainama kwa heshima, nikaingia mkekani.

Tukashikana. Mungu wangu, yule mama anabeba magunia! Alinivuta nikapepesuka, shangazi akapiga yowe. Nguvu hazikuwa ngeni kwangu, nimezoea wanaume. Nilichoogopa ni kumwangusha mama. Nikajikaripia. Alipokuja tena na uzito wake wote sikumzuia, niligeuka nikampa nyonga, akatua mgongo mzima mkekani. Mwamuzi akainua mkono, pambano limekwisha. Mwili wangu ulifanya kabla sijafikiri.

Nikamwinua. Akajifuta jasho, akanitazama usoni. "Shikamoo."

"Marahaba," nikaitikia, machozi yananilenga. Akanikumbatia akicheka.

Pambano la pili, binti wa mkanda mweusi, mdogo kwangu kwa miaka mingi, alinibwaga hata sijamshika vizuri. Nikamwamkia mwenyewe, kwa moyo mweupe. Hapo nikaelewa: nguvu kila mtu anakuja nazo kutoka kwao, ila mkanda unaupata kwa kuanguka mara nyingi.

Jumatatu nilirudi klabuni Moshi. Eliudi alikuwa mlangoni. "Vipi, mkanda wa kupewa?"

"Ndiyo, nimepewa," nikamjibu huku nikiukaza kiunoni. "Nimepewa shikamoo na mtu sawa na mama yako. Wewe unangoja nini?"