Wanunuzi Wanaouliza Majirani

Wiki nzima bwana na bibi waliotaka kununua nyumba ya jirani yangu walizunguka mtaa wetu wa Katoyi wakituuliza maswali. Hawakuuliza kama paa linavuja. Hapa Goma, baada ya vita, mnunuzi huuliza nani alikimbia, na kama atarudi. Nami niliwaambia ukweli: muzee, huyo jirani yangu, alikuwa na mke mwingine kabla ya huyu, naye mke huyo alipotea tulipokimbilia kambi ya Kibati.

Jumatatu wanunuzi, muzee na mkewe wa sasa tulikutana ofisini kwa chifu wa mtaa, mimi nikiwa shahidi.

“Ile jiko ya mawe, nani alijenga?” mnunuzi mwanamke aliuliza.

“Ni miye,” mke wa muzee alijibu.

“Na maua?”

“Miye, mama! Kila kitu ni miye!”

Kucha zake zilikwaruza meza. Lakini mimi niliwahi kumwona akiyang’oa maua ya yule mke aliyepotea na kupanda yake palepale. Yeye ndiye aliyetaka nyumba iuzwe. Kumwonea wivu mtu asiyekuwepo ni kazi ngumu, maana huyo hazeeki wala hakosei.

Chifu aliikodolea macho hati ya kiwanja, kisha akamgeukia muzee. “Papa, huku kuna saini mbili. Hii ya pili haisomeki. Ni ya nani?”

“Ni yangu,” mke alisema.

Wanunuzi walitazamana, wakasimama waondoke.

“Sema, papa,” mke alinong’ona. “Sema ni yangu.”

Miaka minane muzee hakuwahi kulitamka jina la yule aliyepotea mbele yake. Alimtazama mkewe, akavua kofia.

“Kahindo,” alisema.