Bima Mbili, Nyumba Moja

Sebuleni kwetu Keumbu kulikuwa na kalenda mbili, moja karibu na mlango na nyingine juu ya redio, na ole wake mgeni aliyeuliza kwa nini. Ya mlangoni ilitoka kwa kampuni ya bima ya Baba. Ya juu ya redio ilitoka kwa kampuni ya bima ya Mama. Wote wawili walikuwa maajenti, kila mtu na kampuni yake, na kila asubuhi walipanda gari moja kwenda Kisii mjini kugombania wateja walewale. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wahenga hawakuwajua wazazi wangu.

Baba ndiye aliyeanza. Mama wakati huo aliuza mitumba katika soko la Daraja Mbili, na siku moja meneja wa kampuni nyingine alipita hapo kutafuta shati, akaondoka na shati, suruali mbili na koti ambalo hakulihitaji. Akarudi kesho yake kumwomba Mama aje auze bima. Baba alipopata habari alicheka, kisha akauliza ni kampuni gani. Jibu halikumpendeza hata kidogo.

Mikataba yao ilitofautiana kwa mengi, lakini kifungu kimoja kilifanana karibu neno kwa neno. Ajenti atauza bima za kampuni hii peke yake. Hatauza za kampuni nyingine, hatazipendekeza, wala hatasaidia ziuzwe, yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine. Nyumbani tulikiita "kile kifungu". Sisi ni Wasabato, kukatazwa tulikuwa tumekuzoea, kwa hiyo kifungu kiliingia katika maisha yetu kama amri nyingine tu. Mezani hawakuzungumza kazi. Jamaa waligawanywa: ukoo wa Baba kwa Baba, ukoo wa Mama kwa Mama. Mjomba mmoja aliyekata bima kwa Baba bila kufikiri alikaa Krismasi mbili bila kualikwa kwetu.

Nakumbuka zaidi miavuli. Ya Baba ilikuwa ya buluu, ya Mama ya manjano, yote na majina ya kampuni yameandikwa kwa herufi kubwa. Mvua ya Kisii haina simile, ikifika alasiri inashuka tu. Nimemwona Mama kwa macho yangu akitembea sokoni amelowa chapachapa, mwavuli wa buluu umefungwa na kubanwa kwapani, kwa sababu asubuhi aliuchukua kwa makosa. Alisema afadhali mafua kuliko mteja kumwona chini ya jina lile. Jioni Baba alimchemshia chai ya tangawizi bila kusema neno, ila mabega yalikuwa yakimcheka.

Nazipenda siku hizo. Nikizikumbuka sasa natabasamu peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili.

Aliyetuharibia mpango wetu mzuri alikuwa nyanya yangu, mama yake Mama, aliyeishi Manga na kishamba chake cha chai na migomba yake. Sisi tulimwita Magokoro, kama Wagusii wote wamwitavyo nyanya. Babu alipofariki, mwili wake ulikaa mochari siku nyingi kuliko ilivyopasa huku kamati ya mazishi ikiketi kila jioni uani. Beseni la michango lilizungushwa. Majina yalisomwa, fulani ametoa hiki, fulani ameahidi kile, fulani hajaonekana. Magokoro alikuwa ndani, dirisha wazi, akisikiliza bei ya mume wake ikipanda polepole. Baada ya hapo alikuwa na ombi moja tu duniani. Alitaka siku yake ikifika azikwe upesi, bila kamati na bila beseni.

"Sitaki kusomewa majina," alimwambia Mama. "Niwekee hiyo bima yenu."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kampuni ya Mama haikupokea wazee wa umri wa Magokoro. Mama aliandika, akapiga simu, akaenda kumlilia meneja, wapi. Kampuni ya Baba ilikuwa na bima ya mazishi ya wazee, tena nzuri. Lakini Mama hangeweza kumwelekeza huko bila kuvunja kile kifungu, na Mama ni mtu aliyesoma mkataba wake kwa kidole, mstari kwa mstari, kabla ya kutia sahihi. Magokoro hakuelewa kabisa. "Si mnalala kitanda kimoja?" aliuliza. "Sasa bima yake na yako zinakataa kusalimiana?"

Upande wa Baba palikuwa na ukuta mwingine, na huo haukujengwa na kampuni yoyote. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima inayokaa kati ya mkwe na mama mkwe. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Hali naye meza moja, hamtazami usoni. Mambo ya mwili, ya ugonjwa na ya kufa hayatajwi kati yao hata kwa fumbo. Sasa utamuuzaje mtu bima ya mazishi bila kutaja mazishi? Siku hizi wapo wanaoilegeza, wanapiga selfi na mama wakwe zao. Baba hakuwa mmoja wao. Magokoro akija Keumbu, Baba alitoka kwa mlango wa jikoni.

Alijaribu kumtuma mwenzake wa ofisini apande Manga. Magokoro alimpa uji, akamsikiliza mpaka mwisho, akamrudisha. Miaka ya nyuma ajenti mmoja mgeni alipita vilima vile na mkoba wake, akakusanya michango ya watu, na mpaka leo hajarudi. Tena, alisema, watu wangesemaje wakisikia ana mkwe kwenye kazi hiyohiyo na ametumiwa mtu baki? Mganga hajigangi, lakini hii ilizidi. Nyumba yenye maajenti wawili, na mzee wao hana bima.

Mama aliumia. Alianza kuchapa kazi kwa hasira, akiandikisha wanawake wa sokoni kana kwamba kila mmoja alikuwa mama yake.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kazi ya ualimu, na nilikuwa nimekwenda Manga kumsaidia Magokoro kuchuma chai. Asubuhi moja alitoka chumbani amevaa nguo yake ya kanisani na viatu vilivyofungwa. Akaniambia nimwitie bodaboda. Nikauliza tunakwenda wapi.

"Kwa bima," alisema. "Na mama yako usimpigie simu. Yeye amefungwa na mkataba."

Ofisi ya Baba ilikuwa chumba kimoja ghorofani, na nje yake korido nyembamba. Tulipoingia, Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kile cha kuzunguka chenye mito ya ngozi bandia. Aliinua macho akamwona mama mkwe wake mlangoni. Sijawahi kuona mtu mzima akitoka chumbani upesi hivyo. Alipita kando yetu akitazama sakafu, akasimama koridoni, mgongo kwa ukuta. Magokoro alitazama huku na huku. Benchi la wateja lilikuwa limejaa mafaili, kwa hiyo alikwenda akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi. Kilikuwa cha Baba. Kikazunguka kidogo naye, akashika meza.

Karani wa ofisi alikuwa mama wa makamo kutoka Kakamega. Ekegusii hakukijua, na mila zetu hakuwa na habari nazo.

"Mwambie huyo mtu ya bima," Magokoro alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "mteja amefika."

"Lakini si anakusikia? Yuko hapo tu."

"Mwambie."

Karani akachungulia koridoni. "Mteja amefika."

"Mwambie mteja anakaribishwa sana," ilisema sauti ya Baba.

Mimi singeweza kusaidia, kwa sababu binti naye ana heshima yake kwa baba, na maswali ya mwili wa nyanya sikuweza kuyabeba. Basi karani akaenda na kurudi, mlangoni na mezani, akiwa na fomu mkononi na mshangao usoni. Umewahi kulazwa? "Presha iko, lakini kanisa naendanga na mguu." Unataka mwili ukae mochari muda gani? "Siku mbili ikizidi sana. Mimi si viazi." Niliuma kanga nisicheke. Koridoni palisikika kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Ndipo nikaelewa kilichokuwa kikitendeka. Kwa Ekegusii, hakuna hata neno moja kati ya hayo lililoweza kupita kati yao. Kiswahili wote wawili walijifunza nje ya nyumba, shuleni na sokoni, na kilikuwa lugha ya kununua na kuuza. Ndani yake kifo kilitajika kama bei ya mkungu wa ndizi. Hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima.

"Ukikufa," karani akasoma, hana hili wala lile, "nani atapokea?"

Magokoro akanyoosha nguo yake ya kanisani magotini.

"Msichana yangu," Magokoro akasema taratibu. "Bibi ya huyo amesimama huko nje. Na mwambie, angekuwa nimemzaa, leo ningemshika mkono."

Karani akaenda koridoni kuufikisha ujumbe. Alirudi akasema mzee anapangusa miwani.

Mama akaja kujua. Halafu meneja wake naye akajua, kwa kuwa Kisii ni mji mdogo, akamwita aeleze imekuwaje mama wa ajenti wake amekata bima kwa mshindani. Mama alimjibu kwa utulivu: "Kile kifungu kinanifunga mimi. Mama yangu hakutia sahihi popote." Hakufutwa. Kalenda zikabaki mbili, miavuli ikabaki miwili.

Kitu kimoja tu kilibadilika. Baba hakukikalia tena kile kiti. Alisema mkwe hawezi kukalia alipokalia mama mkwe. Sijui kama mila inasema hivyo. Baba alisema inasema, na hakuna aliyebishana naye. Alikisogeza dirishani, akanunua kiti cha mbao, na miaka yote iliyofuata alifanya kazi huku akilalamika kiuno.

Magokoro alifariki juzi juzi, msimu wa mvua, usingizini. Kesho yake asubuhi Mama alihitajika kutia sahihi ili malipo yatoke. Katika miaka yote hiyo hakuwa amekanyaga ofisi ya Baba hata mara moja. Nilimsindikiza. Alikuwa na macho makavu tangu simu ya Manga ilipoingia, anatoa amri tu, fanya hiki, leta kile, na nilimwogopea. Akauacha mwavuli wa manjano koridoni, ukichuruzika maji.

Baba aliinuka kutoka kiti chake cha mbao. Akakivuta kile cha dirishani, akakipangusa kwa leso yake, akakisogeza mezani.

"Keti hapa," alimwambia Mama, kwa Ekegusii. "Hapa ndipo alipokaa."

Mama akakaa. Kiti kikazunguka kidogo naye, akashika meza, na hapo ndipo alipolia. Baba hakutoka kwenda koridoni. Alizunguka meza, akamshika mkono, akaushikilia.

Tulimzika siku ya pili. Uani Manga hapakuwa na kamati, na beseni lililotoka nje lilikuwa la kunawia mikono.