Weka Mezani

Hoteli moja hapa Tarime ilipotangaza kwamba inafungua chumba cha kasino na inatafuta wasichana wa kugawa karata, nilikwenda siku hiyo hiyo. Sikuwa na mapenzi yoyote na karata. Nilikuwa namkimbia mwanamume mmoja wa kijiji cha Kisaka, mgane mwenye ng'ombe wengi na watoto wa rika langu. Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alikuwa ameshawaambia watu wa mgane huyo waje tuzungumze. Nilimwomba awasimamishe kwanza nimalize mafunzo. Akakubali kwa sharti moja: nikipata kazi hataniuliza tena habari za ndoa, nikikosa naolewa.

Tulifundishiwa Nyamisangura, kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la mabati. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja kutoka ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, mwenye kucha ndefu na subira fupi.

"Wacheni kuogopa hizi karata," alituambia. "Haziwezi wauma."

Alianza na historia. Mchezo wenyewe ni wa ishirini na moja, akasema, ni wa zamani sana huko Ulaya; Wahispania waliucheza, Wafaransa wakaucheza, kisha ukavuka bahari hadi Amerika. Huko kulikuwa na nyumba za kamari zilizotoa zawadi ya ziada kwa atakayepata A ya shupaza pamoja na jeki nyeusi, ile karata ya J, na inasemekana jina la mchezo, blakijeki, lilitokea hapo. Baadaye zawadi ikafutwa, jina likabaki. Nilicheka peke yangu. Nilijua vizuri kubaki na jina la kitu ambacho hupewi tena, maana nyumbani niliitwa mtoto kipenzi mpaka siku ng'ombe walipotajwa.

Sheria hazikunisumbua. Karata zote za picha zinahesabiwa kumi. A ni moja au kumi na moja. Ukipita ishirini na moja umekwisha. Mchezaji ndiye anayeamua, aongeze karata au asimame. Mgawaji haamui kitu. Akiwa na kumi na sita lazima achukue nyingine, akifika kumi na saba lazima asimame, hata kama anaona wazi kwamba anashindwa. Wenzangu walilalamika kwamba huo ni uonevu, lakini mimi sikuona jipya.

Iliyonisumbua ni mikono. Mgawaji hapokei kitu mkono kwa mkono. Mteja akikunyooshea pesa, unamwambia, "Weka mezani, tafadhali," ili kamera izione. Ukiondoka mezani unagonganisha viganja mara moja, unavigeuza juu na chini, waone hujaficha kitu. Mimi nimelelewa kupokea kwa mikono miwili, goti limekunjwa, macho chini. Nikiwa mdogo niliwahi kupokea kikombe kwa mkono mmoja. Tata alinichapa mbele ya wageni.

"Unapokea kama unafukuza inzi?" alifoka.

Siku ya mtihani waliwaleta watu wa kujifanya wateja. Kwangu akaja mzee, rafiki wa mwenye hoteli, na koti lake zito na fimbo. Nilikuwa nimegawa vizuri mpaka hapo. Mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa noti, akaninyooshea.

Goti likakunjika lenyewe. Nikapokea kwa mikono miwili. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Akawageukia wenzake, uso umejaa furaha. "Huyu amelelewa, bwana! Mmemwona?"

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. "Huyu amefeli," alisema, akamwita msichana mwingine.

Nilitembea taratibu kurudi nyumbani, kwa hasira nikijiuma midomo, na huo ndio uzembe wangu, kwa sababu mzee yule alinitangulia kwa pikipiki. Kumbe anafahamiana na tata. Alipita kumpongeza kwa malezi. Nilimkuta tata amekaa mlangoni anatabasamu, simu sikioni, anawaambia watu wa Kisaka kwamba binti ana adabu ya kusifiwa mjini. Hakuniuliza kuhusu kazi. Nilimchukia, na mpaka leo sijui kama nimeacha.

Wakaja. Wazee walijaa sebuleni, mgane mwenyewe kwenye kona. Niliitwa nisalimie, nikasalimia kila mmoja ipasavyo. Kisha mkubwa wao akatoa kitenge kilichofungwa kwenye gazeti, akaninyooshea. Kila mtu mle ndani alijua kwamba nikikipokea, nimekubali. Tata alinitazama magoti, akisubiri yakunjike.

Nilisimama wima.

"Weka mezani, baba," nilisema.

Mzee hakuelewa, akazidi kuusogeza mkono. Nikarudia, kwa sauti ya heshima, kama nilivyofundishwa. Alipokiweka, niligonganisha viganja vyangu mara moja, nikavigeuza juu na chini mbele ya wote, nikatoka nje.

Kitenge kiliondoka na wenyewe. Kasino ilifunguliwa bila mimi. Sasa nauza dagaa sokoni, naishi bado pale pale nyumbani. Tangu siku hiyo tata hajanipiga wala kunifukuza. Ila akitaka kunipa kitu, chumvi, simu, hata dawa nikiwa naumwa, anakiweka mezani kwanza, anaondoa mkono wake, ndipo ananiita.